Mastaa wetu, kabla hamjatuuzia vidonge vya "kuondoa sumu", tuambieni na hili

Siku hizi ukifungua Instagram, kila staa ana kopo mkononi. Yule wa Bongo Fleva, yule wa muvi, hadi dada anayejulikana kwa kiki tu. Maneno ni yale yale: vidonge vya mimea, vimejaa antioksidanti, vinang'arisha ngozi, vinashusha sukari, vinazuia kansa. Bei? "Njoo DM."

Sina tatizo na mtu kutafuta riziki. Na mimea yenyewe siipingi. Mchicha, karoti, embe, maboga vina hizo antioksidanti, na wanaokula mboga na matunda kwa wingi huwa na afya bora. Ila hapo ndipo wauzaji wanaporuka ukuta: eti kama karoti inafaa, basi kilichomo kwenye karoti ukikijaza kwenye kidonge kitafaa maradufu.

Wenzetu walishajaribu. Finland waliwachukua wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, kile kile kinachoipa karoti rangi. Majibu yakatoka 1994: waliovimeza walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiovimeza. Marekani nao wakajaribu, wakachanganya na vitamini A. Mwaka 1996 wakasimamisha kabla ya muda, kwa sababu hali ilikuwa ile ile.

Na "ni asili" haimaanishi "haina madhara". Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vimeshahusishwa na kuumia kwa ini, wakati kikombe cha chai hiyo hiyo hakina neno.

Ngozi ya staa tutamsamehe, imepita kwenye filta tatu. Kinachoniuma ni yule mama wa kitaa mwenye sukari au presha, anayemwamini staa kuliko nesi. Akiacha dawa zake kwa ajili ya kopo, atakayelazwa ni yeye. Staa atakuwa ameshahamia kutangaza mawigi.

Kwa hiyo mastaa, mkilipwa semeni mmelipwa. Onyesheni kilichomo na kama kimesajiliwa. Na mwenye ugonjwa mwambieni wazi: usiache dawa, muulize daktari kwanza.

Sisi wengine, hela ya kopo moja inajaza kikapu cha mboga na matunda sokoni wiki nzima. Au nasema uongo, ndugu zangu?