Gari Yako Iko Sawa, ama Unatudanganya?

Wasee, kuna swali moja ambalo sisi wenye magari hapa Nairobi hatupendi kulijibu mbele ya watu: hiyo gari inakusumbua? Utasikia, "Aai, hii? Hii ni mafuta na oili tu." Mimi nimejibu hivyo karibu mwaka mzima, na mara nyingi nilikuwa nadanganya.

Gari yangu ni moja ya zile SUV ndogo za Kijapani ambazo kila kijana mwenye kazi yake ya kwanza anaziotea. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu ninachotaka kusema hakihusu kampuni moja. Imekaa juu, taa kali, rimu nyeusi, skrini kubwa kwa dashibodi. Niliinunua milioni 1.25 kutoka kwa jamaa aliyekuwa ameiendesha hapa Kenya miaka 2. Hapo ndani kulikuwa na akiba yangu, mkopo wa Sacco, na elfu 120 za Mama kutoka kwa chama chake. Nikipiga video nikiwa ndani, mtu hakosi kuuliza, "Hiyo ndai ni yako?" Nilikuwa nakaa kama sijaliona swali, lakini nimeliona vizuri sana. Wacha tu niseme: nilinunua sura.

Siku ya kuijaribu, mwenyewe alinipatia ufunguo kwenye pakingi. Injini ilikuwa baridi. Hakuna taa hata moja ya onyo iliyowaka. Nikazunguka mara mbili, nikapiga honi, nikafungua buti, nikaongeza sauti ya redio. Dakika 5, basi. Kitu nilichokagua kwa makini kabisa ni herufi za namba ya gari, kwa sababu nilijua hizo ndizo watu wa mtaa watasoma kwanza.

Miezi kadhaa baadaye tukawa tunatoka Naivasha, Jumapili jioni, watu wanne. Tukapita kale kakanisa kadogo ka Mai Mahiu kalikojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tukaanza kupanda. Mlima ule unaujua: upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde, malori mbele na nyuma. Gari ikaanza kutetemeka. Nikakanyaga, injini ikalia juu, lakini mwendo ukabaki ule ule. Halafu ukashuka. 40, 30, 20. Taa ya njano ikawaka. Lori la nyuma lilipiga honi hadi nikahisi liko ndani ya kiti changu. Rafiki yangu aliyekuwa anarekodi machweo alishusha simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bro, tuko sawa?"

Hatukuwa sawa. Tulisimama mahali ambapo hakuna pa kusimama, tukavunja matawi na kuyatupa barabarani nyuma ya gari, mmoja wetu akaenda kupunga mkono kwa kona. Gari ya kutuvuta ilifika baada ya saa 3. Elfu 14, M-Pesa, kabla hata kamba haijafungwa.

Fundi wangu ni mzee asiye na haraka. Aliifungua gia boksi kutoka chini, akamimina oili kwenye karai, akanionyesha. Nyeusi, inanuka kama kitu kimeungua, na chini yake chembe za chuma zinang'aa. "Kijana wangu," akasema, "hii haijaanza jana. Uliuziwa mgonjwa."

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najua. Nyingi ya hizi SUV ndogo hazina gia za kawaida. Zina kitu kinaitwa CVT: mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili, na hizo puli zinapanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Ndiyo maana husikii gari ikibadilisha gia. Ni laini, inaokoa mafuta, mjini ni raha. Lakini ule mkanda unaishi kwa oili yake maalum, na oili hiyo haipendi joto jingi. Ukiweka oili ya automatiki ya kawaida kwa sababu ni rahisi, mkanda unateleza na kujikwangua. Ukikaa miaka bila kubadilisha kwa sababu mtu alikwambia "hiyo oili ni ya maisha", pia unaua. Na ugonjwa wake hauonekani asubuhi gari ikiwa baridi. Mara nyingi unaonekana baada ya nusu saa, kwa mlima, gari ikiwa imejaa watu. Sasa rudi pale kwa pakingi yangu ya dakika 5 uone vile nilichezwa.

Zile taa za dashibodi? Kuna kimashine kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, unabonyeza, makosa yote yanafutika. Taa inazima. Itarudi baadaye, ukiwa mbali na ukiwa ushalipa.

Gia boksi nyingine, iliyotumika Japani, nilitafuta siku mbili Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan. Na kazi ya fundi, ikafika elfu 145. Ile gereji ndiyo iliyonifanya niandike hii. Siku ya kuchukua gari nilimkuta jamaa yangu mmoja ameketi juu ya tairi, kichwa chini, gari yake ikiwa juu ya jeki. Modeli ile ile. Rangi tu ndiyo tofauti. Huyu ndiye niliyemuuliza kabla sijanunua, na akaniapia kwamba yake haijawahi kumsumbua hata siku moja. Tuliangaliana. Nikamuuliza, "Ni nini?" Akasema, "Ni service tu."

Nilikasirika siku nzima, hadi nikakumbuka kwamba kuna msee ashaniuliza swali lile lile, nami nikamjibu, "Mafuta na oili tu." Yule msee alinunua yake mwezi wa 8.

Najua mtatetea magari yenu. Kuna wenye wameenda nayo Kisumu na kurudi mara 10 bila shida, na nawaamini. Gari ikitunzwa inakaa. Lakini fikiria vile magari yanatufikia. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo ile tunaita "mpya" mara nyingi ina miaka 7 na maisha mengine nyuma yake. Ikipita mnadani kule Japani inapewa karatasi: gredi, kilomita, mikwaruzo, hata alama ya R kama ishawahi kugonga na kutengenezwa. Mimi niliponunua sikuiona hiyo karatasi, na sikuiuliza. Nilikuwa nategemea maneno ya watu. Na watu ndio sisi.

Sheria iko, si ati haiko. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji, na kinawagusa hata watu binafsi wanaouza. Marekani wana zile wanaita sheria za limau, kuanzia Connecticut mwaka 1982: gari mpya ikirudi gereji mara kwa mara na ugonjwa ule ule, unabadilishiwa ama unarudishiwa pesa. Nzuri, lakini hizo ni za gari mpya hasa. Na niambie nani hapa ataenda kortini na karai la oili nyeusi. Jamaa aliyeniuzia nilimpigia mara 6. Mara ya 7 simu ikawa haipatikani.

Kwa hivyo kinachobaki ni mdomo wetu. Tunanyamaza kwa sababu mbili. Moja ni aibu, kwa sababu gari mjini hapa ni CV. Ya pili ni bei: ukisema ukweli leo, kesho hakuna wa kununua. Hiyo ya pili naielewa kabisa, kwa sababu mwezi jana niliamua kuuza.

Alikuja dada mmoja, nesi, pamoja na mjomba wake. Alikuwa na pesa taslimu na furaha ile ile niliyokuwa nayo mimi. Akazunguka gari, akagusa rimu, akafungua buti. Mjomba hakuuliza chochote kuhusu gia. Gari ilikuwa baridi. Wasee, nilikuwa na milioni 1.05 mbele yangu na kitu pekee nilichohitaji kufanya ni kunyamaza dakika 5.

Nikamwambia. Nikamtolea risiti za gia boksi, nikamwambia hii si ile iliyotoka nayo kiwandani, imetumika pia, sijui itakaa muda gani. Nikamwambia aiendeshe nusu saa, apande nayo hadi Ngong kabla hajanipa hata shilingi. Mjomba akaniangalia kama mtu aliyegundua mtego. "Sasa ukituambia haya yote," akasema, "unaficha nini kingine?"

Walienda Ngong na kurudi. Gari haikutetemeka. Wakatoa laki 8 na nusu. Nikakataa. Wakaondoka, na yule dada alisema atanipigia. Ni wiki 3 sasa.

Mama bado ananidai elfu 85, na kila Jumapili ananiuliza gari imeuzwa ama bado. Nilimweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi punguza bei." Tangazo nimelirudisha jana usiku kwa laki 9 na nusu. Mstari wa kwanza unasema: gia boksi ilibadilishwa, risiti ziko, njoo gari ikiwa moto.