Kiti cha koko



Mwaka uliopita ndoa ya mdogo wangu ilinipeleka Kinshasa pamoja na mtoto wangu wa kwanza. Kutoka kwetu Uvira mpaka kule ni ndege, na tikiti zetu zilikuwa michango ya familia nzima. Basi nikasema haturudi bila kuona Makumbusho ya Taifa, lile jumba jipya karibu na Palais du Peuple. Korea ya Kusini ndiyo iliyotoa pesa za kulijenga, dola karibu milioni 21, nalo lilifunguliwa Novemba 2019.

Nilitaka mtoto aone Kakuungu, kinyago kikubwa cha Wasuku, kilichotumiwa vijana walipoingizwa jando. Mfalme Philippe wa Ubeleji alikileta mwenyewe Juni 2022, akasema ni mkopo usio na mwisho. (Mama gani atakopeshwa sufuria yake mwenyewe, halafu aseme aksanti?)

Lakini mtoto alisimama mbele ya kiti kidogo cha mti, cha kuchonga.

«Mama, nani alikuwa anakikalia?»

Nilisoma maandishi mara mbili. Kabila lilikuwepo, jina la mtu hapana. Nikamwambia koko wangu alikuwa na kiti kama hicho, akikikalia kuchambua maharagwe, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukigusa.

«Kiko wapi sasa?»

Kilienda na maji, usiku ule wa Aprili 2020, Mulongwe ulipoingia manyumbani. Koko naye alitutoka mwaka uliofuata.

«Nani alimuchongea?»

Hapo nilinyamaza. Mimi mwalimu, ninayefundisha habari za Leopold II na za mwaka 1960 bila kufungua buku, sikuwahi kumuuliza koko swali hilo, na nilikaa naye miaka yote ile.

Jumamosi, kwenye mkutano wetu, kila mama alete kitu kimoja cha zamani: kitunga, kibuyu, mchi, hata shanga. Kama mzee wa nyumba bado yuko, mumuulize kwanza nani alikitengeneza na kinaitwaje kwa Kifuliiru, Kivira au Kibembe. Nitakuja na kaye ya kuandikia. Mama mmoja amekwisha kuniletea mwiko wa shangazi yake. Umeungua upande mmoja, na mzee aliyeuchonga bado yuko hai, anakaa Kavimvira.