Fundi Hana Kosa!

Wahenga walinena kuwa kitunze kikutunze. Methali hii tunaiandika kila mara katika insha na mwalimu anatupa alama, lakini tukishafunga daftari tunaenda bwenini na kuvirusha viatu chini ya kitanda. Leo nataka kumtetea fundi wa ngozi. Maoni yangu ni kwamba vitu vingi vya ngozi vilivyoshonwa kwa mkono haviharibiwi na ubovu wa kazi, bali na sisi wenyewe tunaovitumia. Nasema hivyo kwa sababu mimi pia ni mkosaji.

Kwetu ni Mlolongo, ule mji wa kando ya barabara ya Mombasa uliopata jina lake kutokana na foleni ndefu ya malori yaliyosubiri kupimwa kwenye mizani. Wengi hudhani kwetu kuna malori na vumbi tu. Lakini karibu na steji tunayoshukia yupo fundi mmoja, mzee wa makamo, anayeshona viatu vya ngozi kwa mkono. Nilipokuwa kidato cha pili, mama alimwagiza anishonee viatu vyeusi vya shule. Alivilipia kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kwa pesa ya kuuza mboga. Nilivivaa kwa maringo, jamani!

Msimu wa mvua ukafika. Mvua ikinyesha kwetu, ule udongo mweusi hushika mguu kama gundi. Jioni moja nilifika nyumbani viatu vimelowa chepechepe, na kesho yake ni shule. Nikaviweka kando ya jiko la makaa, nikalala. Asubuhi vilikuwa vimekauka kweli, lakini vigumu kama ubao. Sikujali. Nikafanya hivyo tena na tena, mpaka ngozi ikapasuka pale vidole vinapokunjia.

Nilimwendea fundi na hasira zangu. Mbele ya wateja nikamwambia, "Mzee, ulituuzia karatasi!" Hakunijibu haraka. Alikikunja kiatu, akakinusa, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, hiki ulikikausha wapi?" Nikanyamaza. Akasema polepole, "Uzi uko sawa, soli iko sawa. Ngozi imechomwa na moto."

Mteja mmoja aliyekuwa akiulizia bei alikuwa ameshaenda zake aliposikia neno "karatasi". Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Neno la mtu mmoja asiyejua kutunza laweza kumnyima fundi riziki ya siku nzima.

Basi tuelewe jambo moja. Ngozi ilikuwa mwili wa mnyama. Ili isioze hutiwa chumvi, hutolewa manyoya kwa chokaa, kisha hulowekwa katika dawa, iwe ya magome ya miti kama muwati au ya kromi. Mwishoni hutiwa mafuta ndipo iweze kukunjika. Ikilowa na kukaushwa kwa moto, nyuzi zake hujikunyata na ile hali ya ulaini hupotea. Jua kali nalo hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kusoma kemia. Wamaasai walilainisha mavazi yao ya ngozi kwa mafuta ya wanyama, na Wakamba walibeba mishale katika podo za ngozi. Hakuna mwindaji ambaye angeacha podo yake ioze.

Kutunza kwenyewe si kazi ya ajabu. Kiatu kikilowa, kipanguse matope kwa kitambaa, kijaze magazeti makavu ndani, ukianike kivulini penye upepo. Vumbi litolewe kwa brashi kabla ya kupaka kiwi, maana kiwi juu ya vumbi ni sawa na kusugua ngozi kwa mchanga. Paka kidogo, ungoje, kisha ung'arishe. Usipake mafuta ya kupikia. Baada ya muda yatachacha na kunuka. Usifue mkoba kwa sabuni ya unga, kwa sababu sabuni hukokota mafuta ya ngozi. Ukihifadhi mkoba au makubadhi, usiyafunge ndani ya plastiki, kwani unyevu ukikosa pa kutokea huleta kuvu. Yatie katika mfuko wa kitambaa. Na uzi mmoja ukikatika, mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

Najua wapo wenzangu watakaosema, "Ah, taabu yote hiyo ya nini? Nunua cha plastiki, au cha mtumba, kikiisha nunua kingine." Ni kweli kwamba cha plastiki hakidai brashi. Lakini kikipasuka ndio mwisho wake, hata fundi hana pa kupitisha sindano. Cha ngozi hubadilishwa soli, hushonwa upya, na mdogo wako akakirithi. Tena ile pesa ya "kingine" hutoka wapi? Hutoka kwa mama yule yule anayeuza mboga.

Wengine watauliza, je, tukitunza sana fundi atakula nini? Nilimwuliza mwenyewe. Alicheka, akasema afadhali anishonee soli mara tatu kuliko nimtangaze vibaya mara moja.

Kwa hivyo naomba kila bweni liwe na brashi moja na mkebe mmoja wa kiwi, na Jumamosi jioni tutenge nusu saa tu. Bei yake tukigawana haitamshinda yeyote.

Nami nilirudi kwa fundi kuomba radhi, safari hii pia mbele ya wateja. Alinitilia kiraka na kukataa pesa yangu. Sasa niko kidato cha nne na viatu ni vile vile. Ukiniona gwarideni, tazama mguu wa kulia, utakiona kiraka. Mtu akikuuliza nani alivipasua, mwambie ni mimi, si fundi.