Umepakia Mizigo, Je, Umepima Upepo?

Safari ya mashambani imewadia. Buti limejaa, watoto wamebanana nyuma. Je, umepima upepo?

Tairi yenye upepo haba ikibebeshwa mzigo hupata moto, na huweza kupasuka gari likiwa kasi. Fungua mlango wa dereva. Magari mengi yana kibandiko hapo kinachoonyesha upepo wa kawaida na wa gari lililojaa. Pima kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, usikijazie.

Ukinunua tairi, soma saizi. Katika 185/70 R14, 185 ni upana kwa milimita, 14 ni rimu kwa inchi. Muuzaji akisema, "Hii inakaribiana," mwambie kwaheri. Safari njema!