MAARIFA YA NYUMBANI: Waifai Nzito na Jirani Asiye na Kosa

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa wazee wetu halikuwako, na leo limekuwa chanzo cha manung'uniko katika nyumba nyingi. Nalo ni mtandao wa intaneti kuwa mzito, na watu wa nyumbani kutafuta wa kumlaumu. Tutaeleza namna ya kuutafuta ubovu kwa utaratibu, hasa kwa wale watumiao laptopu yenye mfumo wa Linux. Tutaanza na kisa tulichokiona wenyewe huko Lushoto, katika milima ya Usambara.

Nyumba tuliyofikia ina kuta nene za matofali ya kuchoma na paa la bati, kama zilivyo nyingi katika mji ule wa baridi. Binti wa nyumba hiyo ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu kilipoanzishwa mwaka 1992 husomesha watu huko huko waliko. Laptopu yake ni ya mtumba, na mjomba wake ndiye aliyeitia Linux. Mchana, akiwa sebuleni, mtandao ulikwenda vizuri. Lakini kila jioni baada ya Magharibi, alipoichukua laptopu kwenda chumbani kwake, ukurasa mmoja wa masomo ulichukua dakika nyingi kufunguka. Nazo zilibaki siku 4 tu kabla ya kupeleka kazi yake chuoni.

Baba yake alikwisha kutoa hukumu. Kijana wa nyumba ya pili hurudi kutoka kazini saa hizo hizo za jioni, na zamani kidogo aliwahi kupewa neno la siri la waifai ile. "Huyo ndiye alaye bando letu," akasema mzee. Ikawa wiki 3 sasa hamwitikii kijana salamu ila kwa shida. Na laptopu nayo alikusudia kuiuza.

Tukamwuliza, "Mzee wetu, je, umemwona akiutumia?"

Akajibu, "Sikumwona, lakini saa ya kurudi kwake ndiyo saa ya uzito."

Wasomaji wetu, hapo ndipo penye kosa la wengi wetu. Mambo mawili kutokea kwa saa moja si ushahidi kwamba moja limezaa la pili. Kabla ya kumtuhumu mtu, yatupasa kupima.

Kwanza yafaa ijulikane Linux ni kitu gani. Ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Mtu aweza kuupata mfumo huo bure, kuunakili na kumpa mwenziwe kwa halali, wala hana haja ya nakala za wizi. Huenda vyema hata katika kompyuta kuukuu, ndiyo maana wanafunzi wengi wasio na fedha nyingi huupenda. Tena si mgeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Sasa turudi kwenye kisa. Nyumba hiyo, kama nyingi za huko, hupata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Basi habari husafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nje, kutoka mnara wa simu hadi kwenye ruta. Njia ya pili ni ya ndani, kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Hii ndiyo waifai. Asiyezitenga njia hizi mbili atahangaika bure, kwani dawa ya moja haiponyi nyingine.

Katika Usambara njia ya nje ina taabu zake. Mlima ukisimama kati ya nyumba na mnara, mawimbi hudhoofika sana, na ruta iliyowekwa nyuma ya kabati hupata shida zaidi kuliko iliyo dirishani kuelekea mnara. Wako wasemao kwamba ukungu ndio uuao waifai. Hilo si sahihi, maana mawimbi ya waifai hupita katika ukungu wa nyumbani bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mvua kubwa huweza kusumbua madishi ya setilaiti, kwa kuwa hayo hutumia mawimbi mafupi zaidi. Lakini sebule na chumba havitenganishwi na mvua.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji ufundi wowote. Jioni ile tulimwomba binti aweke simu yake kando ya laptopu, juu ya meza ile ile, akiwa ameunganisha vyote viwili na waifai ile ile, kisha afungue ukurasa mmoja kwa vyote viwili. Simu iliufungua upesi. Laptopu ikabaki ikizunguka. Hapo mashtaka ya jirani yakaanguka. Lau angekuwa anakula bando, simu nayo ingalikuwa nzito.

Hata hivyo, ili mzee apate kutulia, tulifungua ukurasa wa ruta uonyeshao vyombo vilivyounganishwa. Vilikuwamo simu 2, televisheni na laptopu, vyote vya nyumba hiyo. Cha mgeni hakikuwamo hata kimoja.

Kipimo cha pili ni cha njia ya ndani. Katika Linux liko dirisha liitwalo terminali, ambamo mtu huandika amri. Tuliandika:

ip route

Nayo ikatuonyesha, baada ya maneno "default via", anwani ya ruta. Kisha tukaiita ruta mara 20:

ping -c 20 192.168.8.1

(Wewe msomaji utaweka anwani uliyoiona kwako.) Ruta iliyo ndani ya nyumba moja hutazamiwa kujibu katika milisekunde chache tu. Yetu ilijibu mara kwa 15, mara kwa 180, mara kwa 300. Basi ubovu ulikuwa ndani ya nyumba, wala si mnarani.

Je, mawimbi yalikuwa dhaifu kwa sababu ya ukuta? Amri ya "iw dev" hutaja jina la kadi ya waifai. Ya binti iliitwa wlp2s0. Tukaandika:

iw dev wlp2s0 link

Nguvu ya mawimbi ilikuwa -58. Hesabu hii husomwa kinyume: iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Ya -50 ni nzuri sana, na ikipita -75 kwenda -80 ndipo taabu huanza. Basi ukuta nao hauna kosa.

Ndipo tukamwuliza binti, "Mwanetu, mchana sebuleni laptopu huwa imechomekwa kwenye umeme?"

Akasema, "Naam. Chumbani kwangu hakuna soketi, hutumia betri."

Tukaandika amri ya tatu:

iw dev wlp2s0 get power_save

Jibu likaja: "Power save: on". Maana yake, kadi ya waifai imeamriwa kubana umeme. Kadi inayobana umeme hulala vipande vidogo vya wakati. Na ruta huizuia habari yake hadi itakapoamka kusikiliza tangazo la ruta, litolewalo aghalabu kama mara 10 kwa kila sekunde. Kadi nyingine hulifanya jambo hili vizuri hata mtu asitambue. Nyingine hulifanya vibaya, na mtandao huwa kama mtu asinziaye katikati ya mazungumzo. Mjomba, kwa kuihurumia betri kuukuu, alikuwa ametia programu iitwayo TLP, ambayo kwa kawaida yake huibana kadi laptopu ikiwa kwenye betri, na huiachilia ikichomekwa kwenye umeme.

Tukaizuia kwa amri hii:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Tulipoiita ruta tena, ilijibu kwa milisekunde 3 na 4. Ukurasa wa masomo ukafunguka mara moja. Lakini amri hiyo haidumu, basi tukaandika katika faili la /etc/tlp.conf maneno WIFI_PWR_ON_BAT=off. Wasiokuwa na TLP, bali wana Ubuntu, watazame katika folda ya /etc/NetworkManager/conf.d faili lenye maneno wifi.powersave = 3; wabadili 3 iwe 2, kisha wazime kompyuta na kuiwasha tena. Betri itapungua upesi kidogo, na hiyo ndiyo gharama yake.

Ikiwa kwako power_save imezimwa na uzito ungaliko, tazama mambo haya. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali lakini husongamana. Ya gigahezi 5 ni mepesi zaidi, ila huchoka upesi kwa kuta. Katika 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile isiyo na majirani wengi. Diski ya nje ya USB 3 iliyo karibu na laptopu huweza kuvuruga masafa hayo. Kadi nyingine huhitaji draiva yake maalumu. Tena hakikisha kompyuta haipakui masasisho kimyakimya. Nanyi vijana, msiandike kamwe amri yenye "sudo" msiyoielewa, kwani amri hiyo hupewa mamlaka yote ya kompyuta.

Binti alipeleka kazi yake siku moja kabla ya muda kwisha, na laptopu haikuuzwa. Asubuhi iliyofuata mzee alichukua kikapu cha mapeasi ya shambani kwake, akaenda nyumba ya pili. Hatukumfuata, wala hatukumwuliza aliyoyasema huko. Tulimwona tu akirudi na kikapu kitupu, na kijana akimsindikiza hadi mlangoni.

Basi, wazazi na vijana, mtandao ukiwa mzito, pimeni chombo kwa chombo, na njia kwa njia, mkianza na kilicho mikononi mwenu. Waifai iliyoharibika hutengenezwa kwa mstari mmoja wa amri. Ujirani ulioharibiwa kwa dhana hauna amri yake.