Sarafu Isiyoonekana na Kura ya Mwananchi

Mpiga kura wa Unguja anaijua takrima: kanga, sukari, ahadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vilivyoihalalisha, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini sheria hiyo ilikusudiwa fedha inayohesabika mezani.

Mabepari wa sarafu za kidijiti hawagawi kanga. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2024, mfuko wao uitwao Fairshake, pamoja na mifuko shirika, ulimwaga zaidi ya dola milioni 130. Katika jimbo la Ohio pekee zilitumika zipatazo milioni 40 kumng'oa Seneta Sherrod Brown, mwenyekiti wa kamati ya mabenki, ambaye hakuwa rafiki wa biashara hiyo. Akashindwa. Na matangazo yao, kwa sehemu kubwa, hayakuitaja sarafu hata kidogo!

Hapa nchini, Benki Kuu ilitamka mwaka 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali. Tangu Julai 2024 zinatozwa kodi ya zuio ya asilimia 3. Mtoza kodi, basi, amekwisha kuziona. Msajili wa Vyama je?

Wazee wanywao kahawa Jaws Corner, Mji Mkongwe, humtambua mgawa sukari kabla hajamaliza kichochoro. Pochi iliyofichwa ndani ya simu hawataiona. Kabla ya kampeni za mwaka 2030, sheria haina budi irekebishwe: kila mchango wa sarafu hizo utangazwe kwa jina la mtoaji na kwa thamani yake ya shilingi siku ulipopokelewa, usio na mwenyewe utaifishwe.