Mbegu za ng'ombe zilizogandishwa: kwa nini ng'ombe mwingine hashiki mimba?

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hapa Njombe na Makambako wanaufahamu uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija. Wanaufahamu pia uchungu wake: umelipa, umesubiri wiki tatu, ng'ombe anarudi kwenye joto. Hapo lawama zinaanza. Huyu anasema mbegu mbovu, yule anamlaumu mtaalamu. Tuangalie kwanza baridi inaifanya nini mbegu yenyewe.

Mbegu za madume, kama zinazozalishwa na kituo cha taifa, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, hutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi ya Makete ya mwezi wa saba haikaribii hapo, wala friji ya nyumbani. Katika hali hiyo mbegu hukaa miaka mingi.

Hatari iko wakati wa kuganda na wakati wa kuyeyuka. Maji yakiganda hufanya chembe za barafu zinazoumiza ngozi ya mbegu. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba gliserini, ile ile inayouzwa dukani kwa kupaka, hupunguza madhara hayo. Hata hivyo, karibu nusu ya mbegu hufa, na zinazobaki huishi saa chache kuliko za dume anayepanda mwenyewe.

Yai la jike ni gumu zaidi kuligandisha, kwa sababu ni kubwa na lina maji mengi. Mbegu za nguruwe nazo haziivumilii baridi hiyo, ndiyo maana kwa kawaida hutumika zikiwa zimepozwa tu, ndani ya siku chache.

Kwa mfugaji, maana yake ni moja: mbegu iliyogandishwa haina muda wa kumsubiri mtu.

Kwanza, wahi. Ukimwona ng'ombe asubuhi amesimama akipandwa na wenzake, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Mpigie mtaalamu saa ile ile.

Pili, uliza mtungi ulijazwa naitrojeni lini. Naitrojeni hupungua kila siku, hata mtungi ukiwa umefungwa. Ikiisha, mbegu zimekwisha.

Tatu, angalia mrija unavyoyeyushwa. Kawaida ni maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 37, kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha unatumika mara moja. Ukiyeyuka, haurudishwi mtungini.

Hata mambo yote yakienda sawa, si kila ng'ombe atashika mara ya kwanza. Lakini kila anayekosa anakula siku 21 zaidi bila mimba, na maziwa ya uzao ujao yanasogea mbele. Basi andika tarehe aliyopandishwa, na siku ya 18 anza kumwangalia tena.